Kipengele cha Saba

Duka langu ni mlango mmoja tu, barabara ya Rindi:
fotokopi, laminesheni, na shuka la buluu ukutani
ambalo nusu ya Moshi imekwisha kaa mbele yake
nikiwaambia, usicheke, pasipoti haitaki meno.

Leo asubuhi kaja Msifuni wa Soweto
na fomu ya masomo ya ng'ambo, kurasa kumi na moja za Kiingereza.
Tukajaza jina. Tukajaza tarehe. Tukajaza mkoa.
Kipengele cha saba kikamkaba:
Wanataka aidentiti yangu, dada Haika,
kwa maneno mia tano.
Si kitambulisho hicho? Lete nitoe kopi.
Akatikisa kichwa. Kopi hawaitaki.

Tukafungua kamusi, foleni ikinung'unika
na vyeti vyake vya kuzaliwa mkononi.
Utambulisho, ikasema kamusi, ikanyamaza.
Ona basi: ki ikitoka, u ikiingia,
kitu kinakuyeyukia kiganjani.
Kitambulisho hufuliwa na suruali, ukalia, ukalipia kingine.
Huo mwingine unafuliwa na nini?

Mwalimu Shirima, aliyefundisha Kilatini seminari
na sasa hudurufu karatasi za kesi ya kihamba,
akasema bila kuulizwa:
Neno lao mzizi wake ni kilekile.
Kilichokuwa jana ndicho kilichopo leo,
hata chumbani pasipo na mtu.
Akalipa mia sita, akaondoka na mwavuli usio wake.

Nikabaki na letu.
Letu limetoka kwenye kutambua,
na kutambua kunataka watu wawili.

Jumapili nilipanda Kibosho kumwona mama.
Mlima ulikuwa umejifunika; sitasema kitu juu ya hilo,
kila mtu hapa amekwisha kusema.
Mama akanipokea kwa mikono miwili,
akanifutia kiti kwa upindo wa kanga
kama anavyofutiwa mgeni wa jumuiya.
Karibu mwanangu. Wewe ni wa kwa nani?

Ni swali la kila siku kwetu, halina ubaya.
Huulizwa watoto njiani, huulizwa wachumba.
Sikuwahi kuulizwa na yeye.

Ni wa kwa Aikaruwa, nikajibu.
Akacheka, akapiga paja.
Huyo mama namjua sana!
Ana binti mkaidi, yuko huko mjini, anapiga watu picha.
Haji. Na akija hakai.
Alipokuwa mdogo alikuwa anaogopa kuku.

Bado naogopa kuku.
Sikusema. Walikuwa wanapita chini ya kiti,
nikainua miguu yote miwili,
na mama akaitazama miguu, akaitazama sana,
halafu akaenda kuangalia moto.

Wakati wa kuondoka akanipa kichane cha ndizi kisukari,
kimefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo lake lilelile.
Mpelekee huyo binti, ukimwona.
Mwambie asiziweke kwenye friji.

Msifuni aliandika karibu saa nzima
akiziba karatasi kwa kiwiko, kama kwenye mtihani.
Sijui aliandika nini. Nilihesabu kurasa tu.
Kisha akakaa mbele ya shuka la buluu,
nikamwambia usicheke, akacheka,
nikamwambia tena.

Ndizi ziko chini ya meza ya fotokopi,
zimeanza madoa, na duka zima linanuka utamu.
Wateja wanauliza, za nani hizo?
Nawaambia ni za mtu.
Nimeagizwa. Bado sijampata.