Kituo cha Kaharabu

Babu yangu aliitwa Mhoja.
Karani wa chama cha tumbaku, Urambo,
hakuisikia ile pumzi ya katikati,
akamwandika Moja.
Misimu kumi na mmoja
alilipwa kama namba.

Nayakumbuka haya saa nane usiku, Cheyo,
nina sahani arobaini, joto la Oktoba,
na jenereta inayokohoa nyuma ya ukuta.

Protini huandikwa kwa herufi ishirini.
Kwa hizo umepatikana ubawa wa nyuki,
ukucha, jicho la chatu.
Sikusema hazitoshi.
Nilisema kuna pumzi haijaandikwa.

Tukachukua kituo:
UAG, wenye fani hukiita kaharabu,
mahali usomaji hukoma,
mnyororo hukatika, abiria wote chini.
Lakini sisi wa Tabora tunajua kituo si mwisho.
Hapa behewa hukatwa, jingine likaungwa,
hili Mwanza, lile Kigoma,
na garimoshi likashika njia.
Basi tukamfundisha bakteria asikome.
Ukifika kaharabu, tukamwambia, pakia mgeni:
asidi ya ishirini na moja,
iliyokuja kwa ndege ndani ya barafu,
ambayo hakuna mdudu wa porini aliyewahi kuionja.

Kisha tukavuruga. Makosa ya makusudi,
maelfu, kama mwandiko wa mtoto wa chekechea,
na juu yake tukamwaga sumu ileile
inayopuliziwa tumbaku
ikarudi mizingani, ikaingia asalini.

Sizya hapendi neno "tumeumba".
"Tumechuja," husema, akifuta miwani.
Walioshindwa kuila sumu walikufa.
Raundi ya kwanza, wote.
Ya nne, wote, na umeme ukakatika.
Ya saba waliishi wengi mno; kumbe tulikosea kipimo.
Tukacheka, tukaosha vyombo.

Raundi ya tisa, sahani ya thelathini na mbili:
punje nyeupe, ndogo kuliko yai la chawa,
imekaa ukingoni peke yake.

Nakala yake tukainyima mgeni.
Ikafa.
Basi ni ile pumzi.

Sizya akauliza, tuiandikeje daftarini?
Moja, nikasema.
Halafu nikamwomba kalamu
nikaongeza herufi.