Inchi Mbili

Juni, Kibena. Ukungu umekalia mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Osmundi kaleta mbao za msindano begani,
mbichi bado, utomvu unamnata shingoni,
kazibwaga uani, pu!
"Leo," akasema, "tunaacha kukalia ndoo."

Maana tulikuwa na ndoo mbili:
yake ya rangi ya ukuta, yangu ya mafuta ya kupikia,
na mwaka wa pili ule wa ndoa
makalio yetu yalikwisha kupigwa mhuri wa duara.

Tukaazima randa kwa fundi Mgaya.
Akatupa na futi yake, ile ya chuma inayojikunja,
manjano yake imefubaa kama jino la mvuta kiko.
Hakusema neno juu ya futi.
Nasi hatukuuliza.

Osmundi akapima, penseli sikioni.
Kumi na nane, akakata.
Kumi na nane, akakata.
Msumeno unakoroma, unakwama, unakoroma,
mimi nimeikalia mbao isicheze,
maranda yananipanda miguuni, mepesi,
yananukia limau na moshi.
Shwaa, randa ikipita. Shwaa.
Mbao iliyokuwa na manyoya kama mbwa wa baridi
ikawa laini, nikaipitishia shavu
alipogeuka.

Mguu wa nne niliukata mimi.
Futi ilikuwa imemezwa na maranda,
nikachukua ufito wa mwanzi,
nikausimamisha kando ya goti langu,
nikautia alama kwa kisu
pale ambapo mtu hukaa bila kukunjwa.

Gundi. Misumari ya inchi tatu. Kidole kimoja, chake.
Tukaligeuza, tukalisimamisha:
benchi likasimama kama mbuzi aliyekanyaga mwiba.

"Wako mrefu," akasema.
"Yako mifupi," nikasema.
"Mitatu kwa mmoja, Tulalumba. Piga hesabu."
Chai ikapoa. Maneno yakatoka kwenye mbao,
yakapita kwenye ndoo, yakafika kwa shangazi yake
na lile blanketi la harusi.
Jirani akazima redio ili asikie vizuri.

Nikaiokota futi chini ya maranda,
nikaivuta. Namba ya kwanza ilikuwa tatu.
Moja na mbili hazikuwapo.
Zilikatika zamani, labda kabla hatujaoana,
na mtu akaikunja ncha ile
ifanane na mwanzo.

Tulicheka? Hapana, si papo hapo.
Aliitazama futi muda mrefu,
kama mtu anayesoma barua ya benki,
kisha akanitazama mimi, akanipa msumeno.
Mbao zimekwisha, pesa zimekwisha,
na mguu mfupi haurefushwi kwa kuambiwa pole.
Kwa hiyo uliokuwa sawa ndio uliokatwa.
Nikaukata mwenyewe.
Yeye aliushika.

Benchi liko pale mpaka leo, fupi,
magoti yanatukaribia kidevu
tukimenya viazi.
Wageni warefu hulisifu kwa adabu,
kisha wakasema wamezoea kusimama.

Na kile kipande cha inchi mbili
hakikwenda kuwashia moto.
Upepo wa Njombe ukija usiku kuusukuma mlango,
ndicho kabari yetu;
siku za jua bado kinatoa tone la utomvu.
Tukianza tena, yangu mimi, yako wewe,
mmoja wetu hukitupia jicho.
Hakitajwi.

Fundi Mgaya alikuja kuchukua futi yake.
Osmundi alifungua mdomo, akaufunga,
akamkaribisha aketi.
Nasikia sasa anatengeneza kabati
la watu wa Melinze.