Nyumba ya Nondo

Ukishuka tuktuk pale Muyeye ukauliza kwa Chengo,
hutaambiwa rangi ya geti wala namba ya ploti.
Utaambiwa: tazama juu, penye nondo.

Nondo kumi na sita, nguzo nne, kila nguzo nne,
zimechomoza kwenye zege tangu niko darasa la tatu,
kutu yake rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Zinasubiri ghorofa.

Baba alikuwa mpishi wa Wataliano, kule kwenye mivinje.
Msimu mzuri tulipandisha kozi tatu za mawe.
Msimu mbaya tulipandisha maneno.
"Piano, piano," akisema, "kwao ni polepole."
Kisha akicheka peke yake:
"Na ghorofa nayo wanaiita piano.
Neno lile lile, Mbeyu. Wale watu walijua."

Tulipata ngazi kabla ya kupata pa kwenda.
Vidato kumi na vinne, cha mwisho kifupi,
fundi Thoya alikosea hesabu;
mgeni hujikwaa hapo,
mwenyeji huujua hata gizani, mguu wenyewe.
Huko juu baba alichora vyumba kwa mkaa:
hapa Mbeyu, hapa Kahindi, hapa choo cha ndani,
na mama akaanika mihogo chumbani mwangu.
Mvua ikafuta. Akachora tena.
Mwaka hoteli ilipofungwa aliacha kuchora,
ila kitandani, sauti imebaki uzi,
bado alituonya:
"Zile shuka nzuri msiziguse. Ni za juu."

Matanga yamekwisha. Kahindi ameleta mnunuzi wa vyuma chakavu,
mzani umening'inia kwenye mwarubaini.
"Tuzikate," asema. "Nyumba gani hii,
imesimama kama mtu anayeporwa, mikono juu?"

Msumeno ulikuwa umekula nusu ya nondo ya kwanza
Nyevu alipopiga ukelele uani kwake:
"Kamba yangu hiyo! Leso zangu zote ziko hapo!"
Ya pili, waya wa redio wa Famau,
asiyesikia vizuri, lakini taarifa ya saa moja haimpiti.
Ya tano, mpira wa maji uendao chekechea.
Ya tisa, waya wa stima usio na mwenyewe:
tuliuliza uchochoro mzima, kila mtu akaapa,
tulipougusa tu, friji tatu zikanyamaza.
Na zile za pembeni, mpasheni umezisokota
hata hujui kipi kimeshika na kipi kimeshikwa.

Kahindi akashika kiuno.
Mnunuzi akatazama saa, akaomba maji.
Nyevu akamletea, na kaimati juu yake,
akakaa kumwangalia akila, asije akasimama.

Mimi nikapanda. Mguu ukakiinukia kidato kifupi.
Nikasimama chumbani mwangu kati ya makopa,
mahali pa dirisha langu.
Bwawa la kuogelea la jumba lililohamwa, limejaa vyura.
Mtoto wa Jumwa anasukuma mkokoteni wa madumu,
anashindana na mbuzi, mbuzi anashinda.
Fleti mpya, rangi ya dawa ya meno.
Na katikati ya minazi, nikikunja shingo,
paa la ile hoteli, makuti yameporomoka,
pembe moja tu imebaki.
Kumbe hapa ndipo alipokuwa akionekana.
Kila mara aliyafuta madirisha ya wengine, akayahamisha;
langu hakulihamisha hata siku moja.

Ile nondo ya kwanza niliishika penye jeraha.
Ndani ya kutu chuma bado cheupe,
kina moto wa msumeno.

"Mbeyu!" Kahindi aliita kutoka chini.
"Basi niambie, tunafanyaje?"

Nikamjibu neno la baba, mara moja tu.
Sijui alisikia maana ipi.