Saa Ngapi, Gülten?

Mama amelima mpopi miaka arobaini
kwenye tambarare ya Bolvadin.
Vichwa vikavu huiuzia serikali kwa gunia,
mbegu hubakiza za mkate.
Utomvu hakuwahi kuuonja. "Ule," husema,
"ni wa wenye maumivu makubwa kuliko deni."

Trekta lilipompindukia Yücel,
nyonga ikasagika kama mbegu kinuni,
muuguzi alivunja shingo ya kichupa
kisichozidi kidole cha mtoto.
Uso wa kaka yangu ukarejea
chumba kwa chumba, taa zikiwashwa.
Nisidanganye: nililishukuru shamba.

Wiki ya tisa mfupa uliunga.
Yeye hakuunga.
Hakuuliza mvua, wala bei ya gunia,
wala binti yake aliyeota jino.
Aliuliza saa.
Saa ngapi, Gülten?
Saa nne na robo.
Na sasa?
Na robo.

Kumbe kasumba haikai kichwani tu.
Maumivu yalihama, mofini ikahamia,
mpangaji gani huyu,
kodi anadai yeye!

Jana usiku nimemkuta mama shambani
anang'oa miche, mmoja mmoja, kwa mikono.
Sikumzuia.
Ng'ambo ya mtaro, dirisha la Hacer
lilikuwa na taa: saratani ya uti wa mgongo,
na sindano yake ni alfajiri.
Tulimsikia. Si kilio, ni kama mlango
unaosukumwa na mtu asiye na nguvu.

Mama akasimama, mche mkononi.
Kisha akapiga magoti,
akaufukia mizizi, akaushindilia udongo
kwa kiganja.