Ukungu wa Lurambi

Asubuhi ukungu hushuka kutoka msitu wa Kakamega,
jua likitoka unaondoka, haumdai mtu.
Huu mwingine ni mpangaji:
umekaa nyuma ya kabati la mama
tangu mvua za Aprili, haulipi kodi.

Jana Lumbasi, mwenye nyumba, kaleta rangi nyeupe.
"Hamna kitu hapa," akasema,
brashi ikimdondokea viatuni.

Leo Khavere kaja na pampu ndogo
inayonguruma kama paka aliyeshiba.
Ukuta hata hakuutazama.
Kavuta hewa ya chumba, dakika tano,
ile ile anayoivuta Imbuga usiku akikohoa,
akaikalisha kwenye kisahani, akaandika tarehe.

Siku ya sita kisahani kikaota manyoya,
ya kijani, ya kijivu,
pembeni meusi.

Ukuta ulipakwa rangi ukanyamaza.
Hewa haipakwi.