Milimita Mbili

Miaka kumi na minne niliendesha mashine ya chapa
pale Tampere, karibu na maporomoko ya mto,
na Tellervo Hakkola akitushushia kazi kutoka ghorofa ya tatu:
vibandiko vya dawa ya kikohozi, maboksi ya viatu,
ratiba za mabasi zenye nambari kama msafara wa sisimizi.
Rula yake ilikuwa ya chuma. Jicho lake pia.
"Oiva, nyekundu imesogea milimita mbili,"
naye yuko mlangoni, hajavua koti.

Mbili! Kwa mtu anayekohoa, mbili ni nini?
Nikasimamisha mashine, nikakaza skrubu.

Karatasi zilizoharibika hatukuzichoma.
Wino mpya huanza na uchafu: unapitisha karatasi kuukuu
mara nne, mara saba, hadi rangi itulie,
na kazi za wiki nzima hulaliana,
kikohozi juu ya kiatu, kiatu juu ya basi la saa sita na robo.

Alhamisi moja ya Desemba, saa tisa mchana, giza tayari,
nilimkuta amepiga magoti kando ya pipa,
ameshika karatasi moja
kama mtu aliyeokota barua yake mwenyewe.
Hakuna neno lililosomeka.
Buluu ilikuwa imeingia ndani ya njano
ikatoka na kitu cha tatu
ambacho hakuna mteja aliyewahi kukiagiza.
"Nani amechora hii?"
Nikamwambia, hakuna.
"Basi," akasema, "huyo Hakuna ananishinda."

Barafu ilipoyeyuka alikuwa ameacha mshahara.
Tulimcheka kidogo, kweli isemwe.
Akanunua kitanda cha kufumia kwa mjane wa Pispala,
akakipandisha ngazi kipande kwa kipande,
akajifunza mtande na mshindio ana miaka arobaini na sita,
vidole vikimkatalia.
Kitani cha kwanza kilitoka kimepinda
kama mdomo wa mtu anayedanganya.
Akakichapa hivyo hivyo.
Mashuka ya marehemu mama yake akayachemsha na maganda ya vitunguu,
akayagandamiza kwa mbao alizochonga bila kupima,
mara nne, mara saba,
akingoja rangi ziseme zenyewe: yatosha.

Maumbo? Sijui niyaiteje. Si ndege, si ziwa.
Wakati mwingine naona ukingo wa boksi
ukijaribu kukumbuka kiatu.

Kwenye maonyesho yake, kiwanda cha zamani cha pamba,
mwanamume mwenye skafu aliuliza hii inamaanisha nini.
Tellervo akafikiri muda mrefu,
mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.
"Ni Jumanne," akasema,
akaenda kutafuta kahawa.

Pembeni mwa kila kitambaa bado anachapa
vile visalaba vya kulinganishia rangi.
Nimevipima, mazoea hayana dawa.
Vimeachana milimita mbili. Kila mahali, mbili.

Nilipostaafu alinipa kimoja, cha kijivu na kutu.
Mke wangu Sisko alikitundika juu ya meza ya jikoni,
kikakaa miezi minane kabla Tellervo hajaja kula supu.
Akasimama mlangoni na koti lake, kama zamani.
"Mmekigeuza juu chini."
Sisko akainuka kukishusha.
"Kiache," akasema Tellervo,
akivuta kiti bila kuondoa macho ukutani,
"sikuwa nimekiona."