Chungu cha Risasi

Kiingereza kina maneno mawili,
moja la madini, moja la kidonge kitokacho mtutuni.
Mimi ninalo moja tu. Risasi.
Kwa hiyo Reino Kinnunen alipogonga kioo cha gari langu
akaomba nimpeleke Marquette akanunue chungu cha kuyeyushia,
kichwani mwangu neno liligongana na lenyewe.

Jina langu Mwamvua. Yeye huniita Mova,
na kwa miaka minne nimeitika.

Oktoba, Ishpeming. Theluji ya kwanza imegusa mapaa
haijaamua kukaa.
Bunduki yake ilikuwa ya babu yake, mchimba chuma
aliyekuja kutoka Ufini na sanduku moja.
Risasi za kipimo kile hakuna duka linaloziuza;
huzisubu mwenyewe gerejini, kabla ya msimu wa kulungu.
Chungu cha zamani kimekufa. Kilinuka waya, kikapoa.

Rafuni vilikuwa viwili.
Kidogo, cha ratili kumi: unachota kwa upawa.
Kikubwa, cha ishirini, kina mrija chini na mpini ubavuni:
inua, inamiminika kwenye kalibu; shusha, inanyamaza.
"Hainyamazi," Reino akasema. "Hivi vyote huvuja.
Tone, tone, mpaka mezani pana kichuguu."
Muuzaji, kijana wa ndevu nyekundu, hakubisha.

Nikautazama mkono wa Reino, wa kulia,
ule ambao tangu mwaka jana
haufikishi kikombe mezani bila kulinywesha zulia kahawa.
Upawa wa risasi ya moto, kwa mkono huo?
Sikusema kitu.
Alinisikia.

Baba yangu alikuwa fundi sufuria, Ujiji.
Alisubu kwa mabaki ya injini na mchanga wa mtoni.
Alinipiga kofi moja tu maishani,
siku niliyotoka kunawa nikasogelea chungu
vidole vikichuruzika.
Tone la maji likizama ndani ya metali, chungu hutapika.
Kofi lile bado nalishukuru, shavu hili hapa.

Basi nikakigonga kile kikubwa kwa kucha
kama ninavyonunua sufuria.
Nikakisukuma nione kama miguu inateleza.
Nikauliza kama kidhibiti joto kinadhibiti au ni pambo.
"Na zinki?" nikasema. Reino akageuka.
Vizani vya magurudumu anavyookota kwa mafundi matairi
siku hizi vimechanganyika,
na kimoja cha zinki kikiyeyuka humo
chungu kizima kinakuwa ugali wa jana.
Joto likishikwa vizuri, risasi hulegea mapema,
zinki huelea ngumu, unaiopoa na kijiko.

"Nani kakufundisha?"
"Masufuria."

Ana mjukuu, Aili, miaka mitano, huja Jumamosi.
Nikamwambia: Jumamosi usiwashe.
Mlango wa gereji wazi, hata baridi iume,
na koti la kazi lisivuke kizingiti cha jikoni.
Akaitikia kwa kidevu. Akachukua kikubwa.
Akachukua na kopo tupu la kukingia matone.

Jumatatu niliposimama mlangoni
uso wa risasi ulikuwa jicho la samaki,
kisha ukavaa ngozi ya kijivu, akaikwangua.
Vidonge vilidondoka juu ya taulo kuukuu, to, to,
vingine na mikunjo, akavirudisha chunguni bila lawama.
Mkono ulitetemeka kwenye mpini.
Mpini haukujali.

Na kilivuja, naam. Mwisho kopo lilikuwa na andazi zito.
Akaliyeyusha, akalimimina kwenye tofali alilolitoboa,
akaninyooshea kitu chenye umbo la kokwa, kina kitundu.
"Januari. Ziwani, kwenye barafu. Utavua nami."
"Chubwi," nikamwambia.
"Chubi," akasema.

Kiingereza kina neno lake la kitu hiki. Aliniambia, nimelisahau.
Nimelifunga kwenye kitambaa, juu ya kabati.
Kila nikilishika nanawa mikono,
halafu naifuta, kidole kwa kidole,
hata kama siendi popote penye moto.